Sumaku Nyonge

Ilifika Tononoka kwa lori la mikate,
imeviringwa blanketi la buluu, mkanda kiunoni,
magurudumu manne, moja linakwaruza.
Shebwana wa stoo akaizunguka, akasema:
"Ndiyo yenyewe hii? Mbona kama friji ya soda?"
Tukacheka. Nami nilicheka.

Ile kubwa, kule chini, chumba chake cha shaba,
mlango mzito kama wa benki,
imenyamaza tangu mfungo wa mwaka juzi.
Gesi yake ya baridi imevuja,
na gesi hiyo haiuzwi Kongowea
baina ya vitunguu na bizari.
Ilikuwa na nguvu, hatukatai.
Iliwahi kuvuta stuli ya chuma toka mlangoni.
Sasa nguvu zake ni za marehemu: tunazisimulia.

Hii ndogo hula umeme wa pasi,
soketi ileile ya birika la zamu ya usiku.
Pini ya mtandio ikisahauliwa
hujongea kidogo tu,
kama mtu aliyesikia jina linalofanana na lake.

Wanafunzi huniuliza, nami huwaambia hivi:
ndani ya maji ya mwili mna pia ndogondogo,
zinazunguka, kila moja na upande wake.
Sumaku huziambia: simameni safu.
Ile kubwa iliamrisha.
Hii husihi.
Katika mamilioni, mbili tatu ndizo huitika,
na kuitika kwenyewe ni mnong'ono
katikati ya lifti, feni, simu ya muuguzi,
jenereta ya duka la dawa upande wa pili wa barabara.
Ndiyo maana pembeni kuna nyaya
ambazo kazi yao ni kusikiliza kelele peke yake,
ili hesabu iitoe, iitoe, iitoe,
mpaka kibaki alichosema mtoto.

Tsuma alikuwa wa miezi mitatu, kutoka Mtopanga.
Kichwa kimezishinda kofia zake zote.
Mamake, Mbeyu, alizileta zote tatu
ndani ya mfuko wa nailoni, kama ushahidi.
Kule kwa kulipia, Nyali, walimtajia pesa.
Alinitajia nami, kisha akacheka kidogo
kama anayesimulia habari za mtu mwingine.

Nikaisukuma hadi kitanda cha kumi na moja.
Gurudumu likalia korido nzima.
Hatukumpa dawa ya usingizi. Alinyonya, akasinzia.
Nikamwambia mama: shika unyayo wake, usiuachilie.
Dakika thelathini na tano,
mashine ikigongagonga taratibu
kama mtu anayetwanga iliki chumba cha pili.

Picha ikaja. Bibi yake akavaa miwani.
"Naona moshi mtupu. Mtoto yuko wapi?"
Kweli, moshi. Waliozoea ile kubwa
wangeikunjia uso.
Lakini ndani ya moshi, mabwawa mawili meusi
yamefura, yameubana ubongo ukutani
kama wageni waliokalia kitanda chote.
Daktari Nyiro hakuomba urembo.
Alitaka kujua maji yako wapi, mrija upite wapi.
Akaandika: Alhamisi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Nami nimempa. Ila na hili niliseme:
Jumatatu iliyofuata alilazwa Fundi Mwinyikai,
mshona viatu wa Makadara, mdomo umepinda,
mkono wa kushoto umelala kama si wake.
Tukatazama saa nzima. Moshi ukabaki moshi.
Nikaandika "halijaonekana."
Sikuandika "halipo."
Baina ya maneno hayo mawili
ndimo ninamofanyia kazi.

Tsuma amerudi mara mbili.
Mabwawa yamenywea. Mbeyu amenunua kofia ya nne,
ya manjano, anasema hii huenda ikadumu.
Gurudumu nimelitia mafuta ya nazi.
Bado linakwaruza.