Nta kwenye Tundu

Sikufungua kitu. Andika hivyo kwenye ripoti yako.
Niliiokota karibu na mizani, hapa Urambo,
siku ya soko, katikati ya vumbi la tumbaku:
flashi nyeusi, kamba nyekundu.
Nikadhani ni ya mnunuzi, jina lake nitalikuta ndani.

Nikachomeka. Basi.
Mkono wangu bado ulikuwa hewani, mbali na kipanya.

Fundi Mhoja aliniambia baadaye,
kwa upole wa mtu aliyetumwa kupeleka msiba:
mashine ina adabu kama sisi.
Mgeni akigusa tu mlango, inamwamkia,
inamuuliza u nani, wa wapi, una vyumba vingapi,
na kila jibu inaliamini.
Ile ikajibu: vyumba vyangu ni hasi moja.
Mashine ikaenda kuvihesabu,
ikahesabu, ikahesabu, ikapita ukuta,
ikatokea chumbani kwetu, gizani,
na mgeni nyuma yake kashika funguo.

"Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye salamu?"
"Kwenye salamu, ndiyo. Kabla ya kukaribishwa kiti."

Marobota mia nne na sita sasa hayana wenyewe.
Kalekwa wa Songambele anayajua yake, kumi na tisa,
aliyaandika kwa mkaa ukutani mwa bani.
Tumeanzia hapo.

Matundu nimeyaziba kwa nta ya nyuki.
Mhoja alicheka, kisha akaomba kipande.
Watu bado nawaamkia, mwangaluka,
ila siku hizi jibu nalisikiliza
mpaka mwisho.