Waya wa Masi

Kasereka, nimesikia Jumamosi mnaondoka,
pikipiki sita: Sake, Minova, Nyabibwe, hadi Bukavu.
Umenunua koti jipya la mvua. Vizuri.
Sasa inua kiti.

Kando ya betri kuna waya mweusi
uliofungwa kwenye fremu kwa bolti moja,
ya ufunguo namba kumi.
Hakuna anayeusifu. Taa ina wapenzi, honi ina wapenzi,
buji hupanguswa kama jino la mtoto.
Waya mweusi hukaa gizani
kama mpishi siku ya harusi,
na asipofika, hali mtu.

Mimi ulinitia aibu mbele ya watu.

Mwezi wa kumi na moja, kwenye kona za Nyabibwe.
Mvua ya kule hainyeshi, inamwagwa.
Nikabonyeza stata: tik.
Nikabonyeza tena: tik,
mjusi ananicheka ukutani.

Hapo kila mmoja akawa daktari.
Mushagalusha: "Ni betri, nilikwambia."
Papa Ombeni: "Toa buji, ikaushe kwa shati."
Mtu mmoja aliyekuwa anapita na mbuzi: "Sukumeni."
Tukasukuma. Matope yakaingia hadi ndani ya soksi.
Mbuzi akachoka kutungoja.

Na betri ile niliinunua Birere siku tisa tu nyuma,
ya pili mwaka ule,
kwa pesa ya karo ya Nsimire
ambayo mama yake hadi leo anajua ilichelewa benki.
Usimwambie.

Nabintu alifika wa mwisho, yeye huendesha taratibu.
Hakuuliza kitu. Alitoa balbu ndogo ya kiashiria
yenye nyaya mbili, kila moja na kibanio.
Mmoja akaubana kwenye chanya ya betri,
wa pili akaugusisha hasi:
balbu ikawaka, nyeupe.
"Betri ni nzima. Iacheni ipumzike."
Akaugusisha fremu:
wekundu hafifu, sigara ya mlinzi alfajiri.
"Haya," akasema, "umeme unatoka vizuri.
Umepotea njia ya kurudi nyumbani."

Chini ya bolti: kutu ya kijani
na mchanga mweusi, ule ule wa mlima
tunaoufagia barazani kila asubuhi Majengo
na kila asubuhi umerudi.
Akakwangua kwa kisu hadi chuma kikang'aa,
akakaza, akapaka mafuta ya mgando.
Nikabonyeza.
Sitakueleza mlio ule. Utausikia siku yako.

Kwa hiyo kwangua leo, kukiwa kukavu.
Na waya ukiingia kwenye soketi, uache uning'inie kidogo kwanza,
uupe tumbo, maji yadondokee hapo
yasitembee hadi ndani.
Fyuzi ikikatika, tafuta kilichoiua.
Usifunge karatasi ya sigara mahali pake:
Papa Ombeni alifunga,
akafika Kalehe ananuka plastiki, bila taa,
nyuma ya lori la ndizi, akiomba dereva asifunge breki.
Ukipata mita, washa injini, vuta mafuta kidogo:
kumi na nne, nenda.
Ikibaki kumi na mbili na kitu, usiende popote,
unakula akiba.

Mengine utayajua njiani,
au hutayajua, na mtu mwenye mbuzi atakuambia sukuma.

Nabintu alikataa pesa.
Aliomba ufunguo wangu namba kumi,
wake ulidondoka Shasha.
Nilimpa. Ningempa na viatu.

Pita kwangu Ijumaa, kabla giza halijaingia.
Chai ipo.
Ufunguo uje nao, mimi sina.