Ndevu za Mtu wa Kumi na Tatu

Kanisa letu dogo limeupa mji mgongo,
uso kwa ziwa, kama mtu aliyekosana na nyumbani.
Ukishuka Muhumba kwa ngazi za matope,
ukishikilia mikaratusi usiteleze, utaliona:
mabati mekundu, msalaba wa chuma cha boti,
na juu ya mlango maneno yaliyochongwa kwa msumari:
UNDUGU WA SANDA. MAJI HAYANA KABURI.

Walianza wabeba mizigo kumi na wawili wa bandarini,
mwaka ule boti ya Goma ilipopinduka
na ziwa likarudisha watu kidogo kidogo,
leo mmoja, kesho kiatu.
Hakuna aliyetaka kugusa maiti isiyo na jina.
Wao wakaapa: atakayetupwa ufukweni ni wetu,
tutamwosha, tutamvika, tutamwita ndugu.
Kiapo kimo katika daftari la kukopeshea makala,
pamoja na hesabu ya mishumaa na faini
ya aliyekuja mazishini amelewa kasiksi.

Nyuma ya altare kuna picha, ukuta mzima.
Aliyeichora hakuacha jina, aliacha mapishi:
kijani, rangi ya boti iliyobaki kopo;
buluu, ile ya kufulia mashuka ya masista;
weusi, masizi ya taa; weupe,
chokaa na mayai ya bata.
Watu kumi na watatu wanapita juu ya mawe,
machela mabegani, na ndani ya machela, mtu.
Nyuso zimechorwa kwa haraka. Lakini mikono!
Mikono imechorwa na mtu aliyewahi kubeba.

Kumi na watatu. Utotoni niliwahesabu
wakati wa mahubiri, mara mbili, mara tatu.
Baba akanifinya: "Wa mwisho ni Mtakatifu Yosefu.
Huoni ndevu?"
Niliziona. Nzito, za kahawia,
zimekaa kidevuni kama kiota.

Kisha ardhi ikatikisika, asubuhi ya misa.
Vikombe vililia, mbwa wakanyamaza,
mnara ukainama kidogo, ukabaki hivyo,
na Mtakatifu Yosefu akanyolewa.
Ndevu zilianguka vipande vipande juu ya maua ya plastiki.
Chini yake: shavu la mviringo, chale mbili,
na kinywa cha mtu aliyekatizwa katikati ya neno.

Wazee wakasema ni unyevu.
Mama Nsimire, muuza sambaza, alisimama mlangoni,
beseni kichwani, akacheka hadi samaki wakamwagika.
"Nankafu! Kumbe walikufungia humo!"
Nankafu wa makala. Daftari lilikuwa lake.
Sanda ya kwanza ilikuwa kitenge chake cha harusi.
Baadaye Undugu ukapata muhuri,
ukapata rais na mikanda ya zambarau,
ukaamua kwamba neno ndugu lina ndevu.

Mimi ni mchoraji wa vibao, Kadutu:
saluni, gereji, kichwa cha mbuzi cha mchinjaji.
Rais wao, Cishugi, alinijia na kopo la kahawia.
"Rudisha kama ilivyokuwa."
Nikauliza, ilivyokuwa lini?
Akatazama viatu vyake.
"Baba yako hakuuliza."

Ndipo nikaikumbuka Pasaka moja,
tulikula nyama siku mbili mfululizo,
mikono ya Baba ikinuka tarabantini,
na yeye akisema ameshiba.

Leo ni siku ya tatu niko juu ya ngazi.
Nimeziba nyufa. Nimeifuata buluu hadi ilipojificha.
Mtu wa nne nimemrudishia dole gumba.
Kopo la kahawia halijafunguliwa,
nimeliweka chini ya mguu wa ngazi,
maana tangu tetemeko sakafu haiko sawa.

Ndevu nimeziokota zote, zimo katika bahasha.
Nilizitazama dirishani kabla ya kuifunga:
unywele kwa unywele, brashi nyembamba kabisa,
hata mvi tatu ambazo hakuna aliyeziomba.
Ilikuwa kazi nzuri, Baba.
Sijui niiweke wapi.