Kwangu

Miaka kumi na tisa niliitwa Mia Mbili Kumi na Nne.
Namba ilichapwa kwenye buti, kwenye aproni,
kwenye mpini wa kisu nilichokirudisha kila jioni
kikahesabiwa kabla yangu.
Sangara alifika amelala juu ya mkanda,
jicho limejaa kama bilauri iliyosahauliwa mvuani,
nami sekunde kumi na nane: shavu, mgongo, mfupa.
Minofu kushoto, panki kulia.
Minofu ikapanda ndege.
Panki likapanda Igogo pamoja nami, tukalikaanga.

Mwezi wa pili walifunga geti.
Samaki wamepungua, alisema meneja,
akatugawia bahasha, na sabuni mbilimbili.

Nikafika nyumbani saa nne asubuhi,
saa ambayo sikuwahi kuijua humu ndani.
Kumbe jua huingia kwa dirisha la jikoni
likakaa juu ya sufuria kama mgeni aliyezoea.
Kumbe Nshoma hupepeta mchele akijisimulia mambo,
na aliponiona akanyamaza.

"Siku hizi unafanya nini?" kinyozi akaniuliza.
Nilifungua kinywa. Baridi tu ndiyo iliyotoka.

Usiku mkono wa kulia uliendelea na zamu.
Nshoma akaushika kifundoni:
"Acha, baba Minza. Hiyo ni shuka."

Nyuma ya nyumba kuna jiwe, kubwa kuliko nyumba.
Mwanza ndivyo ilivyo, tunajenga pale mawe yalipotuachia.
Nililitumia kuanikia buti.
Pimbi walilala juu yake kila asubuhi
nami nikipita mbio nikiwaita wavivu.

Alhamisi moja nikapanda, pekupeku.
Nyayo zangu nyeupe, laini, kama zilizochemshwa.
Pimbi mmoja akanitazama, akasogea kidogo,
kama mtu anayempisha mgonjwa kwenye benchi la Bugando.
Chini kule kivuko cha Kamanga kilivuka taratibu,
na ziwa halikunidai chochote.

Joto la jiwe likanipanda.
Nyayo, goti, paja, tumbo,
likafika chini ya mbavu, likakuta kitu kimeganda.

Mama alizikwa Jumanne, Magu.
Jumatano nilikuwa kwenye mkanda.
Msimamizi alisema pole, akaongeza: mkanda hausubiri.
Na mimi, Mungu anisamehe, niliona fahari.
Miaka kumi na nne nimewasimulia watu Jumatano ile
kama askari anayeonyesha kovu.

Juu ya jiwe nikasema, Mayu.
Mara moja tu.
Barafu hailii, inayeyuka;
lakini iliponitoka ilikuwa na sauti,
sauti ya mtoto aliyeamka akakuta nyumba tupu.

Holo wa jirani, miaka sita, akanyanyua shingo:
"Baba Minza, jiwe limekuunguza?"
Limeniunguza, nikamwambia.
Akaenda kuniletea maji kwenye kopo la rangi.
Nikayanywa yote, na ladha yake ya rangi.

Sisemi kazi ni adui.
Minza amesomeshwa na kisu kile.
Kodi haijui kama umepona,
na wiki iliyopita nimewanolea majirani visu ishirini na sita.
Kuna alfajiri bado naamka saa kumi, navaa,
nafika mlangoni, nashika komeo,
nasimama.
Halafu nachemsha chai, ya Nshoma kwanza.
Ananisimulia yale aliyokuwa akijisimulia.
Mengine yananihusu. Si yote mazuri.

Jana kulipigwa hodi.
Lugembe, Mia Mbili Kumi na Tano,
tulisimama bega kwa bega na sikujua ana watoto wangapi.
Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni, unakata.
"Hapa ni kwa Mia Mbili Kumi na Nne?" akajaribu kucheka.

Hapana, nikasema.
Hapa ni kwa Kwangu.
Zunguka nyuma, kuna nafasi.
Vua viatu kwanza.