Kukata Bangili

Hospitali ya Kamloops imemwandikia: Jumanne, saa moja asubuhi,
asivae kitu chochote mkononi.
Sabuni imeshindwa. Mafuta ya nazi yameshindwa.
Vifundo vimevimba, na bangili imekaa
miaka hamsini na mitatu pale pale ilipovishwa.

Kwenye fomu, penye aina ya jiwe, Bi Eunice Mah
ameandika jade kwa mkono unaotetemeka,
na e yake imejifunga ikawa i.
Nasoma: jadi.
Sijawahi kumsahihisha mtu kwa hilo.
Nusu ya wanaoingia karakana hii huja na zote mbili,
wala hawajui ipi iliyovunjika.

Lillooet, Novemba. Nyuma ya dirisha Mto Fraser unapita,
rangi ya chai ya maziwa iliyopoa.

"Ya Burma," anasema. "Ya Bibi."
Nasema naye huku nikitafuta msumeno wa almasi,
maana maneno hutuliza mkono kuliko ganzi:
kwamba jina moja limebebeshwa mawe mawili
yasiyo hata binamu.
Jadeiti ni punje, zimeshikana kama sukari guru.
Ndiyo yenye zambarau ya ua la mbilingani,
ndiyo yenye kijani kile cha ukubwa wa punje ya mchele
kinachonunuliwa kwa bei ya nyumba.
Nefraiti ni nyuzi. Zimesukwa humo ndani
kama ukili, miyaa juu ya miyaa,
hata nyundo huidundia ikarudi na aibu.
Nyeupe yake huitwa mafuta ya kondoo.
Nyeusi yake haina jina la kubembeleza.
Kijani chake ni cha mchicha uliosahaulika jikoni.
Halafu wapo waongo: kwatzi iliyochovywa rangi,
sapentini laini inayokubali kisu,
na jadeiti yenyewe, iliyooshwa kwa asidi ikajazwa gundi,
ing'ae miaka mitano kisha igeuke njano kama jino.

"Na yangu?"

Naigonga kwa ukucha. Haisemi; imekumbatia mfupa.
Kwetu Mwatate nilikata gaineti ya kijani, jiwe lenye hasira,
ukilikosea pembe linakupasukia usoni.
Hili halina hasira. Linachelewesha tu.

Naingiza bati jembamba kati ya jiwe na ngozi.
Maji yanadondoka. Dakika arobaini
anaitazama kalenda ya duka la matairi
na kunisimulia babu yake, aliyeosha changarawe ng'ambo ya daraja
akisaka dhahabu, akitukana mawe mazito ya kijani
yaliyomvunja mgongo.
Machache aliyatia guniani, akayatuma Canton.
Kwa nini, hakuna aliyemuuliza.

Mkato wa pili, na vipande viwili vinalala kitambaani.
Mkono umebaki na mfereji uliopauka,
ngozi ambayo jua halijaiona tangu harusi.
Sote tunaangalia kwingine.

Napima kipande hewani, kisha majini.
Mbili nukta tisa tano. Nachukua lenzi:
nyuzi, na vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyotwangwa.
Si Burma.
Vidoa hivi navijua, vimo katika mawe
ninayopasua tangu nihamie bonde hili.
Lakini Siberia nao wana vidoa vyao,
na mizani haisomi pasipoti.

Namwambia. Nefraiti, kwa hakika. Ya hapa, labda.
Labda iliokotwa hatua mia nne kutoka kiti hiki,
ikavuka bahari ndani ya gunia, ikatobolewa, ikasuguliwa,
ikarudi katika sanduku la bibi arusi
na jina la mbali ili ipate bei.

"Basi Bibi alitudanganya." Anavigonganisha vipande;
vinalia, kwa mara ya kwanza, kama kengele ndogo.
"Au alidanganywa."
Anauliza kama dhahabu inaweza kuviunga.
Inaweza. Bawaba mbili, nyembamba,
ili siku nyingine ifunguke.

"Usiharakishe," anasema, akivaa koti.
Mkono wa kushoto unapita kwenye sikio la koti bila kukwama,
unapanda juu kupita alivyokusudia,
mwepesi,
kama wa mtu anayesimamisha gari.