Doa Darini kwa Bi Radostina

Mita ya maji ilizunguka usiku, sote tumelala.
Nani alikuwa akinywa?

Bi Radostina wa chini alilalamika tangu kiangazi:
doa darini, umbo la sikio,
na kila wiki sikio linakua.
Tukamwambia ni mvuke wa supu zako, bibi.
Tukamwambia ni uzee
(hatukusema wa nani).

Fundi Zapryan akaja na bisibisi moja ndefu.
Ncha ukutani, mpini sikioni,
akafumba macho kama anayeonjeshwa umbea.
"Hapa," akasema,
nyuma ya vigae vyangu vya buluu,
ambavyo Plovdiv nzima haviuzwi tena.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi nilivunja ukuta kuutafuta ufa:
kitundu cha sindano,
bomba la mwaka sabini na nne
likitema uzi mmoja wa maji, bila haya.

Zapryan akakata, akaunga, akafuta mikono kwa gazeti.
Mita ikatulia.

Nikashuka na ndoo ya rangi nyeupe, kuomba radhi.
Bi Radostina akanitazama, akaitazama dari.
"Mwache," akasema.
"Huyo ndiye shahidi wangu."