Visingizio vya Alhamisi

Kila Alhamisi baada ya alasiri
Bi Time Kombo hupanda vidaraja vitatu vya duka langu, hapa Wete,
hukung'uta mchanga wa viatu,
akauliza kama mtu anayeulizia mgonjwa:
"Haijambo? Haijaja bado?"

Anaitaka ile ya mwanamke na taa,
nyeusi na nyeupe, aliyoiona mara moja tu,
bibi harusi wa mwezi wa pili, onyesho la wanawake,
kwenye jumba ambalo leo ni ghala la saruji.
Jina la filamu halijui. Taa anaijua:
kioo chake kina ufa upande wa kushoto.

Wiki ya kwanza nilimwambia: meli.
Kanda imo melini, Bi Time, na meli haijaja.
Pemba hakuna anayelibisha neno hilo.

Ya pili: ukungu. Nikamfunulia kanda nyengine,
nikamwonesha utando juu ya utepe,
kama mkate wa siku nne.
"Unyevu wa masika huanza na filamu za kale,
zina utamu zaidi."
Akanusa. Akasema masika yamekwisha zamani.

Nikamwambia kanda za ng'ambo zina lugha yao
na televisheni zetu zina yao,
ukizikutanisha picha inapanda, inapanda, haifiki,
kama ndoo isiyo kitako inayovutwa kisimani.
(Hili lilikaribia kuwa kweli.)

Nikamwambia mwenye filamu kafa,
watoto saba wa mama watatu wako mahakamani Bombay,
na mpaka wagawane hakuna wa kutia saini,
masanduku yana kufuli.
Hilo alilielewa. Alikaa kwenye benchi kitambo.
"Hata vivuli hurithiwa?"
Hurithiwa, Bi Time.

Kisha jenereta la mji likazimika wiki mbili
nami nikapumzika kusema uongo.

Kanda ipo. Wallahi ipo.
Rafu ya chini, nyuma ya zile za karate, nambari mia na saba.
Nakala ya nakala ya nakala:
nyuso zimekuwa unga wa muhogo,
sauti zinatoka kama zimo mtungini.
Hayo angesamehe.
Ila mwanangu Shaame, alipokuwa na miaka sita,
alibonyeza kile kitufe chekundu.
Mwanamke ameinua taa, treni inaingia,
mlango wa behewa unafunguka,
na hapo, kwa rangi zote, anatokea msoma habari,
koti la buluu,
anasoma bei ya karafuu.
Dakika kumi na moja. Halafu chenga.

Alhamisi iliyopita mvua ilimfungia dukani.
Nikachoka. Nikaitia kanda mashineni bila kusema.
Alitazama amekaa wima, mkoba mapajani.
Unga wa muhogo ukatembea, ukalia, ukangoja.
"Kushoto," alinong'ona.
Mie sikuona ufa wowote, ila niliitikia.
Mlango wa behewa ukafunguka.

"Daraja la kwanza," akasema msoma habari.

Nikaangalia sakafu. Nilihesabu misumari ya ubao.
Bi Time hakutamka kitu mpaka chenga,
kisha akauliza ule ulikuwa mwaka gani.
Nikamtajia.

Ndio mwaka walioanika mpaka juu ya paa la jirani,
yeye na mimba ya miezi saba, akichambua vikonyo usiku.
Ndio mwaka mumewe, Mungu amrehemu,
alirudi kutoka kituoni na pesa ndani ya kitambaa,
akazihesabu juu ya mkeka, noti moja moja,
akamtajia bei.

Si hii.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la buibui,
akaivaa tena. Mvua ilikuwa imeshakatika.
"Rudisha nyuma," akasema.
Nikamwuliza: mpaka kwenye taa?

"Taa iache.
Nirudishie yule bwana wa koti."